Daraja la Kupigia Picha

Nchini kwetu daraja likizinduliwa husemwa mambo matatu. Kwanza hutajwa urefu wake kwa mita, na msemaji huurudia mara mbili ili usikike vizuri. Pili husemwa linashika nafasi ya ngapi Afrika Mashariki na Kati, kana kwamba kuna ligi ya madaraja na msimamo wake hubandikwa kila Jumatatu. Tatu, na hapo ndipo makofi huwa mengi, husemwa kwamba daraja hili litakuwa alama ya jiji na kivutio cha utalii. Jambo la kwanza sina neno nalo. Urefu ni urefu. La pili naliacha lipite, kila ukoo una mtu wake wa kujisifu. Ugomvi wangu ni na hilo la tatu, kwa sababu nyuma yake kuna wazo zima kuhusu jiji ni la nani, na nani anayeonekana kama uchafu akisimama juu ya daraja.

Miaka miwili iliyopita kampuni moja ya kutembeza wageni ilinipa kibarua cha kuandika kipeperushi cha ziara ya siku moja Dar es Salaam. Nilikuta ratiba imekwishapangwa: Makumbusho ya Taifa, soko la samaki la Feri, Kariakoo kwa kupita tu, vinyago Mwenge, halafu madaraja mawili, la Kigamboni na la Tanzanite. Mbele ya kila daraja waliandika "dakika 10, picha, wageni wabaki kwenye gari." Nikauliza kama mgeni hawezi kushuka, akavuka kwa miguu, gari likamsubiri upande wa pili. Yule bosi alinitazama kwa huruma. "Dada yangu, watembee waende wapi?"

Ni swali la haki kabisa, na nitalirudia, maana ndani yake mna kesi nzima. Daraja ambalo mtu wa kawaida hana sababu ya kulivuka kwa miguu ni barabara iliyoinuliwa. Unaweza kuifungia taa, ukaipa jina la kito, ukairusha na droni ikapendeza kwenye simu. Itabaki barabara iliyoinuliwa.

Daraja la Tanzanite lilifunguliwa mwaka 2022. Lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, linapita baharini kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi kule Coco Beach, na lilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Ni zuri. Nimelipita jioni nikatoa simu kama wengine wote. Na foleni ya Salenda ilikuwa mateso, kila aliyewahi kukaa ndani ya daladala pale saa kumi na mbili jioni, kwapa la jirani likiwa usawa wa pua yake, anajua kwamba njia nyingine ilihitajika. Njia ya waenda kwa miguu ipo pia, sitaki kumsingizia mtu. Alfajiri utawakuta wanaokimbia kwa ajili ya afya, viatu vya rangi kali, vijispika masikioni. Ila mkimbiaji yule gari lake limeegeshwa mahali. Mtu anayetembea kwa sababu hana nauli humkuti pale mara nyingi, kwa kuwa daraja lile halimtoi anakotoka wala halimfikishi anakokwenda.

Wanaotetea hoja ya kivutio hupenda kututajia New York na daraja lake la Brooklyn. Sawa, twende huko huko.

Daraja la Brooklyn lilifunguliwa tarehe 24 Mei 1883. John Roebling, aliyelibuni, alikuwa amekwishafariki. Mwanawe Washington akaugua wakati wa ujenzi, na mke wa huyo mwana, Emily, ndiye aliyekuwa akibeba maagizo kati ya kitanda cha mgonjwa na wahandisi kwa miaka mingi. Lakini kitu kikubwa ambacho mzee Roebling aliacha kwenye mchoro si ile minara ya mawe ambayo sote tunaijua kutoka kwenye sinema. Ni njia ya miguu. Aliiweka katikati ya daraja, na akaiinua juu ya njia za magari ya farasi, ili anayetembea aone mto, meli na mji wote bila kuzibwa na kitu. Fikiria hilo kidogo, msomaji. Kwenye daraja lililokuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani wakati huo, nafasi bora kabisa, ile ambayo leo tungeipa msafara wa kiongozi, alipewa mtembea kwa miguu.

Mwanzoni mtembea kwa miguu alilipa senti moja. Mwaka 1891 ada hiyo ikafutwa kwa waendao kwa miguu. Kuanzia hapo daraja likawa la kila mtu: mfanyakazi wa bandari, mchumba na mchumba wake, mtoto aliyetoroka shule. Wasanii wakalichora na wapiga picha wakalipiga kwa sababu walikuwa wakilipita kila siku, jinsi mtu anavyoimba kuhusu mtaa wake. Tarehe 11 Septemba 2001, usafiri uliposimama, maelfu kwa maelfu ya watu walitoka Manhattan wakiwa wamefunikwa na vumbi, wakavuka daraja hilo kwa miguu kwenda makwao. Ukiniuliza kwa nini Brooklyn ni alama ya jiji, sitakuonyesha minara. Nitakuonyesha kwamba siku mji ulipowaka moto, kila mtu alijua njia ya kurudi nyumbani, na miguu yake iliijua.

Watalii walikuja baadaye. Walikuja kuona mahali ambapo watu wa mji walikuwa wakiishi maisha yao. Huo ndio mpangilio, na sisi tumeugeuza: tunamjengea mgeni kwanza, halafu tunatumaini mwenyeji atatafuta la kufanya pale.

Ukienda Istanbul utakuta daraja la Galata. Kwa umbo halina ajabu yoyote. Hili la sasa ni la mwaka 1994 na ukililinganisha na la Tanzanite, la kwetu linashinda mashindano ya urembo bila jasho. Lakini kingo zake zimejaa wavuvi na mishipi yao, bega kwa bega, ndoo za samaki miguuni, na chini ya daraja kuna migahawa. Mgeni anayelipiga picha hapigi picha ya zege. Anapiga picha ya mzee mwenye kofia anayengoja samaki. Mvuvi huyo angekuwa Dar, nadhani unajua angefanywa nini.

Sasa nifike mahali panaponikera hasa. Daraja likishakuwa maarufu, wenye mamlaka huanza kulisafisha, na kitu cha kwanza kusafishwa huwa ni watu.

Florence, Italia, kuna daraja la kale linaloitwa Ponte Vecchio, ambalo lina maduka juu yake. Leo ni maduka ya vito, dhahabu inametameta dirishani, na kila mtalii lazima apite. Zamani yalikuwa mabucha. Wachinjaji walikaa pale kwa sababu ya busara tu: mto uko chini, mabaki unayatupa majini. Familia ya watawala, akina Medici, walikuwa wamejengewa mwaka 1565 ujia wao wa juu, unaopita juu ya maduka hayo hayo, ili watoke jumba moja hadi jingine bila kuchangamana na watu. Harufu ya nyama ikawa inawafikia. Mwaka 1593 mtawala Ferdinando wa Kwanza akaamuru wachinjaji waondoke na wafua dhahabu waingie. Kwa hiyo huo uzuri unaouona kwenye kalenda ulianza na amri ya kufukuza watu wenye harufu.

Mambo ya kale? Haya, tusogee. Mwaka 2024, mwezi Januari, New York ilipiga marufuku wachuuzi juu ya madaraja yake, Brooklyn ikiwa ya kwanza kulengwa. Sababu iliyotolewa ni usalama: msongamano umezidi, watembeao wanasukumana. Msongamano ulikuwepo kweli. Lakini wachuuzi wale wa kofia, vishikio vya funguo na juisi, wengi wao wahamiaji, walikuwa pale kwa sababu watalii walikuwa pale. Mji uliwaalika watalii kwa miaka mingi, ukajisifu kwa idadi yao, na siku nafasi ilipokuwa ndogo ikaamuliwa kwamba anayezidi ni yule anayeuza chupa ya maji.

Na sisi? Oktoba 2021 machinga waliondolewa kwenye pembezoni za barabara za Dar es Salaam, wakaambiwa waende maeneo waliyopangiwa. Najua hoja za upande wa pili, nimezisikia hata mezani nyumbani, kwa baba mdogo ambaye ana duka la kulipia kodi na hakupenda kuona mtu akiuza bidhaa ile ile mlangoni pake. Hoja yake ina uzito. Lakini neno lililotumika mitaani na kwenye mitandao siku zile halikuwa kodi. Lilikuwa usafi. "Jiji limependeza." Wale waliopost picha za barabara tupu, kabla na baada, walikuwa wakisema kile kile alichosema Ferdinando, ila kwa simu ya kisasa.

London walikwenda mbali zaidi. Wao walitaka kujenga kivutio moja kwa moja bila hata kujifanya ni njia. Palipangwa daraja la bustani juu ya mto Thames, miti na maua, la kutembea tu. Linasikika zuri, na mimi mwenyewe picha zake za kompyuta zilinishika. Soma masharti yake sasa. Baiskeli haziruhusiwi kupandwa juu yake. Usiku wa manane linafungwa. Siku 12 kwa mwaka linafungwa kwa hafla za binafsi za kuchangisha fedha. Yaani daraja ambalo mtu anaweza kulifikia akakuta geti na mlinzi anamwambia leo kuna wageni waalikwa. Mwaka 2017 mradi ulifutwa kabla jiwe halijawekwa, na ilikuwa imekwishatumika zaidi ya pauni milioni 50, sehemu kubwa ikiwa fedha za umma. Hakuna hata ngazi moja ya kuonyesha. Pesa zote hizo, na zao lake ni picha.

Mji huo huo una somo jingine ambalo watu hulipita bila kulisoma. Tower Bridge, lile la minara miwili, lilifunguliwa mwaka 1894 likiwa na njia za miguu za juu kabisa, ili meli zikipita na daraja likiinuliwa, watu wapande ngazi na kuendelea na safari yao. Mwaka 1910 njia zile zilifungwa. Zilifunguliwa tena mwaka 1982, na sasa unalipa kiingilio. Kitu kilichojengwa ili mtu asichelewe kazini sasa kinauzwa kama mandhari. Simlaumu sana aliyefanya hivyo, maana waliozitumia walikuwa wachache na jengo lenyewe linahitaji matunzo. Ninataka tu uone njia ambayo kitu hupita: kwanza ni haki ya mpita njia, halafu kinafungwa, halafu kinarudi kikiwa na tiketi.

Venice nitaigusa haraka, ingawa inastahili kitabu. Mwaka 2008 walifungua daraja jipya juu ya Mfereji Mkuu, kazi ya Santiago Calatrava, mbunifu ambaye jina lake pekee huleta watalii. Ngazi zake alizijenga kwa vioo. Watu wakateleza na kuanguka, wenyeji na wageni. Na kwa kuwa ni ngazi mwanzo mwisho, mwenye kiti cha magurudumu hakuwa na njia. Ikafungwa baadaye kibanda cha kumbeba kando ya daraja, kikasumbua, mwishoni kikaondolewa. Mwaka 2019 mahakama ya ukaguzi wa fedha ikamtoza mbunifu faini, na mji ukaamua kubadilisha vioo kwa mawe. Kwenye mfereji huo huo kuna Rialto, lililokamilika mwaka 1591, la mawe, lenye maduka, lililochakazwa na miguu ya karne nne. Hakuna aliyelijenga Rialto ili liwe kivutio. Lilijengwa kwa sababu soko lilikuwa ng'ambo moja na wanunuzi ng'ambo nyingine.

Soko na wanunuzi. Hapo ndipo Kiswahili chenyewe kinaposhuhudia upande wangu, na sihitaji kupanda ndege.

Nenda Unguja, uulize njia ya sokoni. Utaambiwa Darajani. Ukifika Darajani, tafuta daraja. Halipo. Zamani mkono wa bahari uliingia pale na kuutenga Mji Mkongwe na upande wa pili, na daraja ndilo lililounganisha. Mkono ule wa bahari ukafukiwa kidogo kidogo enzi za Waingereza, maji yakatoweka, daraja likakosa cha kuvuka. Jina likabaki. Na upande wa pili nao ukabaki na jina lake, Ng'ambo, ingawa hakuna tena maji ya kuwa ng'ambo yake. Vizazi vya watu waliobeba ndizi, samaki, maji na vitoto mgongoni, wengi wao wakiwa watumwa walioachwa huru, vibarua na watu wa mashamba ambao nyumba za mawe hazikuwa zao, walivuka pale mara nyingi kiasi kwamba kitendo chao cha kuvuka kimedumu kuliko daraja lenyewe. Nionyeshe alama ya jiji yenye nguvu kuliko hiyo. Hakuna nyaya, hakuna taa, hakuna hata daraja, na bado konda akiita "Darajani!" kila mtu anajua ashuke wapi.

Dar nayo inayo yake. Manzese, juu ya Barabara ya Morogoro, daraja la waenda kwa miguu limekipa kituo jina, na ukisema "tukutane darajani" kwa mtu wa pale hakuulizi lipi. Salenda rasmi ni Selander, jina la ofisa wa serikali ya mkoloni aliyesimamia kazi za ujenzi. Makonda wakamgeuza Salenda, wakammiliki, na sasa vijana wengi wanadhani ni neno la Kizaramo. Daraja la Kigamboni rasmi ni la Nyerere, lilipewa jina hilo lilipozinduliwa mwaka 2016. Sijawahi kumsikia abiria akisema "nishushe Nyerere" akimaanisha pale. Watu huyapa majina madaraja wanayoyatumia. Wasiyoyatumia wanayaachia majina ya kwenye kibao.

Najua nitakachojibiwa. Rafiki yangu mmoja, mhandisi, nilipomsomea sehemu ya makala haya alicheka. Akasema: wewe unataka nchi maskini ijenge madaraja ya mapozi ya watembea kwa miguu wakati shida yetu ni malori na foleni, na utalii unaouponda ndio unaoleta fedha za kigeni. Akaongeza, kwa ukatili kidogo, kwamba watu wa mitandaoni tunapenda umaskini ukiwa na mandhari.

Nimjibu hapa, kwa kuwa pale nilikuwa nimeshiba na sikuwa na hamu ya mabishano. Kwanza, fedha za utalii. Mgeni anayepita darajani ndani ya gari kwa dakika 10 anaacha nini? Haachi hata mia ya maji. Mgeni aliyevuka kwa miguu ana kiu, ana njaa, amechoka, amesimamishwa na mtu mwenye madafu. Daraja linaloingiza pesa ni lile lenye mahali pa kusimama na mtu wa kukuuzia kitu, yaani lile lenye yule machinga tuliyemfukuza ili picha itoke vizuri. Kwa hesabu zake mwenyewe za kibiashara, hoja ya kivutio inajikata mguu. Pili, umaskini. Njia pana ya miguu, benchi na mti mwanzoni na mwishoni mwa daraja ni vitu vya bei ndogo sana ukivilinganisha na nguzo na nyaya. Tusivyoviweka, sababu haiwi fedha. Ni kwamba aliyekaa mezani siku ya kuchora hatembei.

Kuna kichekesho kingine ambacho anayesafiri kwa basi nchi hii anakijua. Nimekulia kwenye safari ambazo tukikaribia daraja kubwa, mtu mzima ndani ya basi anawaambia watoto waweke kamera chini, maana daraja ni mali nyeti, utatuletea matatizo. Wengi wetu bado tunaangalia kushoto na kulia kabla ya kupiga picha ya daraja. Kwa hiyo mwenyeji alifundishwa kulitazama daraja kwa woga, na sasa anaambiwa ni kivutio. Achague lipi? Na yule kijana wa uswahilini anayesimama kwenye kingo usiku kupunga upepo na marafiki zake watatu, je, yeye ni mtalii wa ndani au ni mtu wa kutiliwa shaka? Inategemea viatu alivyovaa, sote tunajua.

Lakini hayo yote ningeweza kuyavumilia. Nisiloweza kulivumilia ni mto Msimbazi.

Msimbazi unatoka huko vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji, unafika Jangwani, kisha unateremka hadi Salenda kwenye mikoko na kuingia baharini. Pale unapoingilia baharini, maji hayo hayo yakikutana na Bahari ya Hindi, ndipo lilipo daraja lenye jina la kito. Rudi nyuma kwa kuufuata mto, si mbali, hadi Jangwani, ambako Barabara ya Morogoro inauvuka. Mvua kubwa za masika zikinyesha, mto unapanda juu ya barabara, polisi wanafunga njia, mwendokasi unasimama, na karakana yake iliyojengwa bondeni inageuka bwawa. Nimepanga Magomeni miaka sita na nimeona mwenyewe vijana wakibeba watu mgongoni kuwavusha kwa malipo, mama mwenye sare ya uuguzi akiwa ameshika viatu mkononi, watoto wa shule wakishikana mikono kwenye maji ya rangi ya chai. Wale vijana wanaobeba watu ndio daraja la Jangwani. Hakuna kipeperushi kinachowataja.

Mto mmoja, jiji moja. Mdomoni mwake daraja la kupendeza lilifika kwanza. Tumboni mwake, ambako jiji linakatika vipande viwili karibu kila masika, daraja jipya la Jangwani limesubiri hadi kuingizwa kwenye mradi wa Bonde la Msimbazi, nao kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Nitaambiwa kila mradi una mfadhili wake na foleni yake, na kwamba la kwanza halikumnyang'anya la pili. Huenda. Ila mpangilio huo haukudondoka kutoka mbinguni. Watu waliokaa kwenye foleni ya Salenda walikuwa watu wa Oysterbay na Masaki, na sauti zao hufika. Wa Jangwani husikika wakishazama.

Kwa hiyo nikitazama mchoro wowote wa daraja siku hizi, nimeacha kuangalia nguzo. Natafuta njia ya miguu ina upana gani, na kama watu wawili wenye ndoo kichwani wanaweza kupishana bila mmoja kushuka barabarani. Natafuta ngazi, na kando ya ngazi mteremko wa kiti cha magurudumu na mkokoteni. Natafuta kituo cha daladala kiko hatua ngapi kutoka mwanzo wa daraja. Natafuta taa inayomulika chini, usoni mwa anayekuja mbele yangu, kabla ya zile zinazomulika nyaya kwa ajili ya droni. Natafuta mti. Natafuta mahali ambapo muuza machungwa ataweka beseni lake bila kukimbizwa. Kwenye Jangwani nitatafuta kitu kimoja zaidi: kina cha maji ya masika kilichochorwa kwa mstari wa buluu, na njia ya miguu ikiwa juu yake.